Watu wetu hawajahamia upinzani, wamekaa tu nyumbani. Wanarudishwaje?

Swali limetoka kwa katibu wa tawi wa chama kimoja, nalifupisha hapa: "Mtaalamu, uchaguzi uliopita tumepoteza eneo ambalo tulikuwa tunashinda miaka yote. Nikiangalia wapinzani wala hawakuongeza kura kihivyo, ni watu wetu ndo hawakutokea. Ukiwauliza wanasema tumechoka na nyie. Makao makuu wanatuambia tuongeze mikutano na tujipange mitandaoni. Mimi naona siyo hapo pa kuanzia ila sijui ni wapi. Hawa watu wanarudishwaje?"

Ndugu katibu, uko sahihi, makao makuu ndo wamekosea, nianze na hilo ili tusizungushane. Mtu aliyekuchoka ukimwongezea kelele unamwongezea sababu ya kukuchoka. Nimekaa na vyama vingi baada ya kushindwa na kikao huwa ni kilekile, mtu anasimama anasema "tulishindwa kufikisha ujumbe wetu", wote wanaitikia kwa vichwa, yani tatizo ni wananchi hawakuelewa, kumbe wananchi walielewa vizuri mno ndo maana wakabaki majumbani kwao.

Jibu langu kwa ufupi ni hili halafu nitalichambua taratibu: mpiga kura aliyekata tamaa anaangalia chama kimekubali kupoteza nini kwa ajili yake. Sera mpya hazimgharimu mtu, kaulimbiu ni bure, na ile video ya mgombea anacheka na watoto gharama yake ni bando tu. Lakini chama kikimweka pembeni mkubwa aliyewaudhi watu, au kikiachia ulaji fulani, au kikisema hadharani kwamba lile jambo tulikosea sisi na tunalirekebisha kwa gharama yetu, hapo mtu aliyekuwa kakupa kisogo anageuza shingo. Kurudi bado, ila shingo kageuza.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Nimefurahi ulivyosema umeangalia kura za wapinzani kwanza, maana wengi hawafanyi hivyo. Wakishindwa wanasema "watu wamehamia kule" wanaanza kuwatukana waliohama, wakati waliohama ni wachache. Chukua Ghana. Mwaka 2020 chama tawala NPP kilipata kura za urais kama milioni 6.7, na Mahama wa chama cha upinzani NDC akapata milioni 6.2. Desemba 2024 Mahama akashinda kwa kishindo, zaidi ya asilimia 56, ukisikia hivyo unadhani nchi nzima ilimkimbilia yeye, lakini fungua namba uone, kura alizoongeza hazifiki laki nne, wakati NPP walishuka hadi kama milioni 4.9. Upande mmoja zimepotea zaidi ya milioni 1.8, upande wa pili zimeonekana laki tatu na kitu. Na waliojitokeza kupiga kura nchi nzima walishuka kutoka karibu asilimia 79 hadi sitini na kitu. Bila shaka wapo waliohama, hizi hesabu za jumla hazikuoneshi mtu mmoja mmoja, ila picha kubwa iko wazi: NPP wameangushwa kwa sehemu kubwa na watu wao wenyewe walioamua siku ile kufanya shughuli nyingine.

Kuna hatari nyingine hapa ambayo chama chenu huenda kimeipitia bila kujua. Unaweza kupoteza watu miaka na miaka huku unashinda. Labour ya Uingereza mwaka 1997 ilipata kura milioni 13.5, ikashinda. Mwaka 2001 ikapata milioni 10.7, ikashinda tena kwa viti 413, na kwa sababu viti vilikuwa vingi hakuna aliyeshtuka kwamba karibu watu milioni 3 hawapo. 2005 milioni 9.5, ikashinda tena. 2010 milioni 8.6, ndo ikashindwa na ndo wakaanza kuulizana watu wameenda wapi, miaka kumi na tatu baadaye. Wapo wengi ambao hawakwenda popote, walikuwa wamekaa. Halafu 2016 ikaja kura ya maoni ya kujitoa Umoja wa Ulaya, kati ya waliofurika vituoni kulikuwa na watu ambao walikuwa wameshazoea kutopiga kura kabisa, maana kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu waliona kura yao itabadilisha kitu. Kwahiyo usije ukamhesabu aliyekaa nyumbani kama mtu asiyejali siasa. Anajali, anasubiri kitu cha maana, na atakayemletea hicho kitu anaweza asiwe wewe.

Kwahiyo kabla hujaongea na mtu yeyote kaa na karatasi. Tafuta matokeo ya kila kituo cha eneo lako kwa chaguzi mbili zilizopita, yaweke sambamba, kila kituo andika walioandikishwa, waliopiga, kura zenu na kura za wapinzani. Pale kura zenu zimeshuka na za wapinzani zimesimama palepale, hao ni waliokaa. Pale zenu zimeshuka na zao zimepanda kwa kiasi kinachokaribiana, hapo inawezekana sana wamehama. Na kuna vituo ambavyo miaka yote watu wanaojitokeza ni wachache, hao hamkuwapoteza nyie, hamkuwahi kuwa nao. Ni kazi ya jioni mbili tatu na daftari, haihitaji kompyuta wala mshauri wa kulipwa (najiharibia biashara hapo lakini basi).

Haya makundi usiyachanganye. Aliyehama ana hasira na ameshapata pa kuipeleka, ukimfuata mapema atakutolea mfano wa huko alikoenda, mwache kwanza. Ambaye hajawahi kupiga kura anahitaji kazi ndefu ya uandikishaji na sababu ya kuanza, na kura ni mazoea, mtu akipiga mara moja uwezekano wa kupiga tena unapanda, lakini hiyo ni kazi ya miaka. Aliyekaa ndiye wa kuanza naye, maana yeye bado hajajiunga na mtu mwingine, kuna siku alikupenda, na anajua mpaka majina yenu. Mimi ningetumia sehemu kubwa ya nguvu zangu kwa huyo.

Na huyo anafuatwa nyumbani. Hili siyo maoni yangu tu, ni jambo lililopimwa. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Gerber na Green, walifanya jaribio kwenye mji wa New Haven kwa wapiga kura karibu 30,000, wengine walitembelewa mlangoni, wengine walipigiwa simu, wengine walitumiwa barua. Waliofikiwa uso kwa uso kiwango chao cha kupiga kura kilipanda kwa karibu pointi 9 za asilimia, barua zilisaidia kidogo sana, simu za wapigaji wa kulipwa hazikusaidia kitu. Lakini hapohapo kuna tahadhari ambayo wauza kampeni hawapendi uisikie, mwaka 2018 Kalla na Broockman walikusanya majaribio 49 ya kampeni za uchaguzi mkuu huko huko Marekani wakakuta kwamba kumbadilisha mtu chaguo lake kwa kumfuata na ujumbe wa chama wakati wa kampeni ni karibu na sifuri kwa wastani. Soma hayo mawili kwa pamoja. Mlango unaweza kumtoa mtu nyumbani akapige kura, ila maneno ya wiki za mwisho hayambadilishi msimamo. Kwahiyo kama mtu ana kinyongo na nyie na mmemfuata wiki mbili kabla ya uchaguzi mkiwa na ilani, mmechelewa, na mbaya zaidi mnaweza kumkumbusha kinyongo chake halafu akaamka asubuhi akawapigia wenzenu.

Ndo maana nasema mwanzoni muende bila ilani, bila fulana, bila mgombea, na muende mapema, mwaka mzima au zaidi kabla.

Nani aende? Hapa vyama vingi vinaharibu. Wanamtuma yule kada machachari anayejua kuongea, kila lalamiko ana jibu, mwananchi akisema hili yeye anaruka na takwimu. Huyo mbakishe ofisini. Mtume mtu wa palepale, anayeheshimika, anayeweza kuuliza swali akanyamaza. Maswali ni mawili tu: mara ya mwisho chama hiki kilikufaa kwa jambo gani? Na kitu gani kilikufanya useme basi? Halafu anaandika kwa maneno ya mtu mwenyewe, asitafsiri kwa lugha ya chama. Mtu akisema "mlinitukana" asiandike "changamoto za mawasiliano".

Nakupa mfano wa mazungumzo ya aina hii yanavyokwenda, nimeyasikia mara nyingi mno kwa sura tofauti. Kijana anabisha hodi, mama anatoka, anaona ni watu wa chama, uso unabadilika.

"Mwanangu kura mwaka huu hakuna, msijisumbue."

"Hatujaja kuomba kura mama. Tumeambiwa tuje tusikilize, tuandike, tuondoke."

"Tangu lini nyie mnasikiliza?"

Kijana wa kawaida hapa ataanza kujitetea, na akijitetea mazungumzo yamekufa. Yule aliyefundishwa anasema "ni kweli mama, ndo maana nimekuja", ananyamaza. Mama anaegemea mlango. Ataanza na maisha magumu, bei, ajira, vitu ambavyo kila mtu anasema, na hapo ndipo wengi wanafunga daftari wanaondoka wakiamini wamepata jibu, "wananchi wanalia na hali ya maisha". Subiri kidogo. Baada ya dakika kama tano linakuja lenyewe: alikwenda ofisi ya mwakilishi wenu kugongewa muhuri fomu ya mtoto, akaambiwa rudi kesho, akarudi, akaambiwa mheshimiwa hayupo, mara ya tatu akaulizwa mbele za watu "wewe una kadi ya chama?" Na alikuwa nayo, ameilipia tangu ujana wake. Aliondoka bila kuitoa.

Hapo ndo kura ilipotelea. Uchumi ulichangia, ila huyu mama amewavumilia kwenye uchumi mbaya miaka mingi, alichoshindwa kuvumilia ni dharau. Na ukizunguka nyumba arobaini za mtaa ule utakuta stori za ofisi hiyohiyo na mtu huyohuyo aliyekaa pale kaunta, na sasa una kitu cha kwenda nacho kwenye kikao, kina jina na kina mahali.

Na kusikiliza kwa namna hii kuna ushahidi wake. Hao hao Kalla na Broockman wamefanya majaribio ya mazungumzo marefu ya mlangoni, yale ambayo mtu anasikilizwa bila kuhukumiwa na pande zote mbili zinasimuliana mambo yaliyowakuta, wakakuta yanabadilisha mitazamo na mabadiliko yanadumu miezi kadhaa. Walipoondoa hiyo sehemu ya kusimuliana bila kuhukumu wakabakiza hoja tupu, athari ikapotea. Mada zao zilikuwa masuala ya kijamii kama wahamiaji, hazikuwa za chama kipi kipigiwe kura, kwahiyo usinukuu kupita kiasi, lakini mwelekeo unaeleweka.

Sasa kuna mtego mkubwa hapa. Ukishasikiliza umefungua deni. Emmanuel Macron alipoanzisha harakati yake Ufaransa 2016 alituma watu wa kujitolea mlango kwa mlango nchi nzima kuuliza wananchi nini kinaenda na nini hakiendi, wakarudi na madodoso kama 25,000, ikamsaidia kuandaa kampeni na Mei 2017 akawa rais. Novemba 2018 waandamanaji wa vizibao vya njano wakafunga barabara kwa sababu ya kodi ya mafuta, na malalamiko yao makubwa yalikuwa kwamba anaongoza kwa kuamuru tu wala haoni maisha ya watu wa nje ya miji mikubwa. Ikabidi aifute ile nyongeza ya kodi, na mwaka uliofuata akaanza upya kuzunguka kwenye mijadala ya wananchi masaa na masaa. Yani aliyewasikiliza akiwa anaomba kazi, alipopata kazi ikabidi watu wafunge barabara ndo asikilize tena. Kama hamna mpango wa kufanya chochote na yale mtakayoandika msiende, bora mkae.

Tuje kwenye kuomba radhi, maana najua mtafika hapo, kila chama kinafika hapo, na kuna namna ya kuomba radhi inayoua kabisa.

Nick Clegg, kiongozi wa chama cha Liberal Democrats, Uingereza. Kabla ya uchaguzi wa 2010 wagombea wake walisaini ahadi kwamba watapinga ongezeko lolote la ada za vyuo vikuu, wakapigwa picha wameshika karatasi. Vijana wakawapa kura, wakapata viti 57, wakaingia serikalini na chama cha Conservative, na Desemba mwaka huohuo serikali ikapandisha kikomo cha ada hadi pauni 9,000 kwa mwaka, wabunge 27 wa chama chake wakapiga kura ya ndiyo na 21 wakapinga. Septemba 2012 Clegg akatoa video ya kuomba radhi. Msikilize vizuri anachoombea radhi: ni kutoa ahadi ambayo hawakuwa na uhakika wa kuitimiza. Ada ikabaki palepale. Yani nisamehe kwa kukuahidi, siyo kwa kilichokupata. Watu wakaigeuza ile video wimbo wakachekea. Uchaguzi wa 2015 kutoka viti 57 wakabaki na 8.

Mwingine ni Arvind Kejriwal wa Delhi, India. Chama chake kipya cha Aam Aadmi kilipata viti 28 kati ya 70 mwishoni mwa 2013, akawa waziri kiongozi wa jimbo, akakaa siku 49 akajiuzulu Februari 2014 baada ya muswada wake wa kupambana na rushwa kukwama. Waliompa kura wakaona wametelekezwa, wapinzani wakampachika jina la mtoro, na Mei mwaka huo kwenye uchaguzi wa bunge la taifa viti vyote 7 vya Delhi vikaenda chama pinzani cha BJP. Wengi walimzika. Yeye akarudi mitaani kuomba radhi, na alichoombea radhi ni kilekile kilichowaudhi watu, kuondoka kwake, akaahidi safari hii anamaliza miaka mitano. Kuanzia Novemba wakafanya mikutano ya kundi kwa kundi, vijana, wanawake, wafanyabiashara, ikatoka ilani ya hoja 70. Februari 2015 akachukua viti 67 kati ya 70.

Watu husema Kejriwal ni mzungumzaji mzuri kuliko Clegg, mimi sioni kama ndo jibu. Kwanza radhi yake ililenga jeraha lenyewe. Pili zile siku 49 alikuwa ameshusha bili za umeme na maji kwa watu wa kawaida, kwahiyo mtu akikasirika kwamba ameondoka alikuwa anakasirikia kitu alichokionja kwa mikono yake. Tatu, na hapa narudi kwenye jibu langu la mwanzo, alijifunga. Kwa kusema miaka mitano mbele ya kila mtu alijinyang'anya ile silaha yake ya kujiuzulu kwa mbwembwe. Clegg hakupoteza kitu siku ile zaidi ya dakika chache za kukaa mbele ya kamera. Na ili usinione namshabikia, huyo Kejriwal 2025 chama chake kilishuka hadi viti 22 na yeye mwenyewe akakosa kiti chake, baada ya tuhuma za rushwa, ambazo amezikana, kukiandama chama kilichojengwa kwa hasira dhidi ya rushwa. Waliorudishwa wanaweza kuondoka tena, na safari ya pili huwa hawasikilizi haraka.

Nyie mtapoteza nini? Hilo sikujibii kwa mbali, ila nina dau langu: uteuzi wa wagombea. Karibu kila chama nilichokaa nacho, wale wanachama waliochoka kuliko wote ni wa ndani, walimpigia mtu wao kura za maoni, akashinda, jina likaenda juu, likarudi jina lingine. Hakuna maelezo, "vikao vimeamua". Sasa aliyekatwa haondoki peke yake, anaondoka na mawakala wake, na wale vijana waliokuwa wanabisha hodi, na wale kina mama waliokuwa wanahamasisha mtaa, na wote hao hawaendi upinzani, wanakaa tu, wanaangalia mnavyoanguka kwa utulivu kabisa. Siku ya kura huwezi kuona pengo lao kwenye mkutano kwa sababu mkutano unajazwa na watu wa kuletwa na magari.

Rekebisheni hapo hata kama mengine yote yatawashinda. Kanuni zitoke mapema na zisibadilishwe mchezo ukishaanza, kura zihesabiwe mbele ya wanachama, matokeo yabandikwe ukutani siku hiyohiyo, na jina likikatwa sababu iandikwe na isomwe kwa waliopiga kura. Hii inawagharimu wakubwa uwezo wa kupanga watu wao, ndo maana hawaitaki, na ndo maana ikifanyika watu wanaamini kweli kuna kitu kimebadilika.

Kuhusu mikutano na mitandao sina mengi. Mkutano unawapa moyo walio wenu tayari. Mitandaoni unaongea na machawa wako na machawa wa wenzako, yule mama wa mlangoni hayupo pale, na mwanawe yupo ila anapita tu. Umati nao unadanganya, waulize Zambia. Kabla ya uchaguzi wa 2021 chama tawala PF rangi yake ni kijani, wapinzani UPND nyekundu, ukawa msemo kwamba mtu awe tikitimaji, nje kijani ndani nyekundu, yani vaa nguo walizokupa halafu kapige kura yako. Hakainde Hichilema, aliyekuwa anagombea kwa mara ya sita, akashinda kwa asilimia 59, na waliojitokeza wakafika kama asilimia 70 kutoka 56 ya uchaguzi uliotangulia. Chama tawala kilikuwa kinahesabu fulana.

Muda je? Mrefu kuliko mnavyotaka. Hao Liberal Democrats niliokusimulia wamekaa nje tangu 2015, viti 8, halafu 12, halafu 11, na wamerudi 2024 kwa viti 72. Na cha kuchekesha ni kwamba asilimia yao ya kura haikupanda sana, kutoka kama 11.6 hadi 12.2. Waliacha kujitawanya, wakachagua majimbo ambayo tayari walikuwa na madiwani wanaojulikana, wakashikilia mambo mawili matatu yanayowakera watu pale, kliniki, maji taka kwenye mito, wakayarudia mpaka wenyewe wakachoka kujisikia. Kuporomoka kwa Conservative kuliwabeba pia, hilo tusilifiche. Ila kuna vyama vingine navyo vingeweza kufaidika na kuporomoka kule, wao walikuwa tayari wameshaandaa pa kusimama. Kwa tawi kama lako maana yake ni usijaribu kurudisha kata nzima. Chagua vituo vitatu vinne ambavyo waliokaa ni wengi zaidi na malalamiko yao yako ndani ya uwezo wenu, hayo mengine yasubiri.

Sasa najua utaniuliza, mimi katibu wa tawi tu nitamwambiaje mtu wa makao makuu apoteze kitu. Huwezi kumwambia, lakini unaweza kumwonesha. Ukienda na hoja "wananchi hawaridhiki" atakupa kaulimbiu mpya. Nenda na karatasi ya vituo ikionesha kura mlizopoteza zilikotoka, na kurasa mbili za maneno ya watu kama walivyoyasema, na omba kitu kimoja tu, kidogo, chenye tarehe: yule mtu wa kaunta aondolewe kabla ya mwezi fulani, au kura za maoni za eneo lako zisiguswe safari hii. Wakubwa wanaogopa sana "mageuzi ya chama", ila kiti kimoja kilichopotea kwa kura zinazohesabika wanakielewa. Wakikubali, rudini kwa zile nyumba arobaini, mlango kwa mlango, na yule yule kijana aliyeandika, aseme ulituambia hivi, tumefanya hivi, hiki hatujaweza na sababu ni hii. Asiombe kura hata hapo. Wakikataa, basi fanya kilicho chini yako, maana kuna dharau zinazotokea kwenye ofisi ya tawi lenyewe ambazo hazihitaji kibali cha mtu yeyote kuziacha, anza na nani anakaa mlangoni na mtu anayekuja na fomu anaulizwa nini cha kwanza.

Ukishapata zile namba za vituo niandikie tena, hasa kama utakuta vituo ambavyo kura zenu zimeshuka na za wapinzani nazo zimeshuka, maana hapo kuna kitu tofauti kimetokea na sitaki nikubahatishie kabla sijaziona.